Kuanza kazi ya ukocha wa mpira wa miguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayetaka ukocha wa mpira uwe kazi yake, siyo jambo la kupitishia jioni. Nimeyaandika nikiwa na Tanzania akilini zaidi. Aliyeko Kenya, Uganda, Burundi au Congo naye atakuta mengi yanamhusu, kwa sababu ngazi za leseni ni zilezile za CAF, shirikisho la mpira la Afrika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tafuta timu ya watoto, kaa nayo msimu mzima, halafu leseni ifuate. Wengi wanaanza na leseni, kisha wanahangaika kutafuta mtu wa kumfundisha.

Sikuwahi kucheza ligi yoyote kubwa. Nitakubalika?

Utakubalika, ila utalazimika kuonyesha kazi haraka kuliko mwenzako aliyevaa jezi ya Simba, Yanga au Gor Mahia. Mchezaji wa zamani akifika mazoezini, wachezaji wanamsikiliza tangu siku ya kwanza. Wewe watakupa wiki mbili tatu, wakiangalia kama unajua unachokifanya.

Arrigo Sacchi alikuwa akifanya kazi kwenye biashara ya viatu ya baba yake kabla ya ukocha, na hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Akaipa AC Milan Kombe la Ulaya mwaka 1989 na tena 1990. José Mourinho alisomea elimu ya michezo, akafundisha shule, akaingia Sporting ya Lisbon mwaka 1992 kama mkalimani wa Bobby Robson. Wote wawili walifidia walichokosa miguuni kwa kusoma mchezo kwa bidii, na kwa kukaa karibu na watu waliojua zaidi yao.

Aliyecheza naye asijidanganye. Kujua kupiga krosi ni jambo moja, kumfanya kijana wa miaka 14 aipige akiwa amechoka dakika ya 80 ni jambo lingine kabisa. Nimeona wachezaji wazuri sana wakishindwa kueleza kitu wanachokifanya bila kufikiri.

Sina cheti chochote. Nianzie wapi kesho asubuhi?

Anzia ulipo. Karibu kila kata ina timu ya watoto inayofanya mazoezi kwenye uwanja wa shule au kiwanja cha vumbi, na nyingi zina kocha mmoja anayehangaika na watoto 40. Nenda kamsalimie, mwambie, "Mwalimu, shikamoo, naomba nikusaidie." Kwa wiki za mwanzo utapanga koni, utaokota mipira, utahesabu watoto, utawapeleka kunywa maji. Kazi hiyo usiidharau. Ukiwa unapanga koni unajifunza ukubwa wa eneo. Ukiwa unaokota mipira unaona nyuso za watoto ambazo kocha mkuu hazioni.

Shule nazo ni mlango mzuri. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na UMISSETA, ya sekondari, zinahitaji watu wa kuandaa timu kila mwaka, na mwalimu wa michezo mara nyingi yuko peke yake. Ukienda kwa mkuu wa shule na barua fupi inayosema wewe ni nani, unaishi wapi na unaweza kuja siku zipi, uwezekano wa kukataliwa ni mdogo.

Nunua daftari gumu. Andika kila zoezi ulilolifanya, watoto wangapi walikuja, nini kilikwenda vizuri na nini hakikwenda. Nitalirudia daftari hili mara nyingi hapa chini, maana ndilo litakalokubeba mbele ya wakufunzi, viongozi na wazazi.

Leseni ziko ngapi, na zinapandaje?

Mfumo wa CAF unaanzia D, unapanda C, kisha B, kisha A, na juu kabisa ni Pro. D inakuandaa kufundisha watoto na wanaoanza. C inakupeleka kwa vijana. B na A zinakuingiza kwenye soka la wakubwa, mbinu za timu nzima, maandalizi ya msimu na uongozi wa benchi la ufundi. Pro bado iko mikononi mwa makocha wachache barani.

Huwezi kuruka ngazi unavyotaka. Ukimaliza moja unatakiwa kuifanyia kazi kwa muda ndipo uombe inayofuata, na wakufunzi watakuuliza timu uliyoifundisha katikati. Hapo aliyekusanya cheti bila timu hukwama.

Kwa nini viongozi wa klabu wanaulizia sana leseni? Klabu inayocheza mashindano ya CAF inatakiwa kuwa na kocha mkuu mwenye leseni A ya CAF au inayolingana nayo. Ligi za ndani nazo zina kiwango chake kwenye kanuni za kila msimu. Zisome kanuni zenyewe, za ligi unayoilenga, usitegemee habari za kijiweni.

Nani anaendesha kozi, na nitajuaje kwamba ni ya kweli?

Ni shirikisho la mpira la nchi. Tanzania Bara ni TFF, ikishirikiana na vyama vya mpira vya mikoa. Zanzibar ni ZFF. Kenya ni FKF. Matangazo hupita kwenye kurasa za shirikisho na kwenye ofisi za vyama vya mikoa na wilaya, kwa hiyo mfahamu katibu wa chama cha mpira cha wilaya yako na yeye akufahamu. Jiunge pia na chama cha makocha, TAFCA kwa Tanzania, maana taarifa za kozi hufika huko mapema, na nafasi ni chache.

Kuwa macho na watu wa kati. Mtu akikwambia utoe pesa kwenye simu yake binafsi "akushikie nafasi", piga simu au nenda ofisi ya chama kwanza. Kozi ya leseni ya CAF ina wakufunzi wanaotambuliwa, ina orodha ya washiriki iliyopitishwa na shirikisho, na ina mtihani. Cheti ulichokipata kwa kutazama video mtandaoni kinaweza kukufundisha mengi, lakini hakitakukalisha kwenye benchi.

Kwa anayetaka kusoma kwa kina zaidi, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba mkoani Mwanza, kimefundisha walimu na makocha wengi wa nchi hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina masomo ya elimu ya viungo na michezo. Njia hizi ni ndefu kuliko kozi ya leseni, ila zinakupa elimu ya mwili wa binadamu, saikolojia na uongozi ambayo kozi ya wiki chache haiwezi kukupa.

Kozi inagharimu kiasi gani?

Ada hubadilika kila kozi na hutajwa kwenye tangazo. Gharama inayowaangusha wengi ni ile isiyotajwa: nauli, chakula, malazi kama kozi iko mkoa mwingine, na siku ambazo hutakuwa kwenye kazi inayokulisha. Weka akiba ya hayo yote kabla hujajaza fomu. Klabu au shule unayoisaidia inaweza kuchangia, hasa ukiiomba mapema na kuahidi kwa maandishi kwamba utaendelea nayo baada ya kozi.

Kwenye kozi wanafanya nini hasa, na watu wanafelia wapi?

Asubuhi darasani, jioni uwanjani, au kinyume chake. Darasani mnapitia sheria za mchezo, makuzi ya mtoto, upangaji wa mazoezi, huduma ya kwanza. Uwanjani mnakuwa wachezaji ninyi kwa ninyi. Kisha unapewa mada, tuseme "kukaba mtu mmoja kwa mmoja", unaandaa zoezi kwenye karatasi, unawafundisha wenzako huku mkufunzi akikuangalia na kuandika.

Wengi wanaanguka kwenye mdomo. Mtu anapuliza filimbi, anasimamisha wachezaji, anatoa hotuba ya dakika nne, jua linawaka, mada inapotea. Mkufunzi anatafuta kitu kingine: simamisha pale kosa lilipotokea, kila mtu abaki alipo, onyesha jambo moja, muulize mchezaji angefanya nini, rudia tukio hilohilo taratibu, kisha waache wacheze. Sekunde 30 zinatosha. Ukitaka kusema jambo la pili, subiri nafasi nyingine.

Kosa la pili ni eneo. Umechora eneo la mita 40 kwa 40 kwa ajili ya watu wanne, kwa hiyo hakuna anayebanwa, na zoezi la kukaba linageuka matembezi. Au umewabana watu kumi kwenye mita 10, mpira hautoki miguuni. Kabla ya kozi jizoeze kupima kwa hatua zako. Jua hatua yako ndefu ina urefu gani.

La tatu ni kunakili. Mtu analeta zoezi la klabu ya Ulaya aliloliona kwenye simu, lina wachezaji 22, mannequin za plastiki na magoli manne. Ukimuuliza linafundisha nini, hajui. Mkufunzi atakupa alama nyingi zaidi kwa zoezi la koni nane ambalo unajua sababu ya kila koni.

Nionyeshe mpango wa mazoezi wa kweli. Nina watoto 24 na mipira minane tu.

Mipira minane ni mingi kuliko waliyonayo wengi, kwa hiyo tuitumie. Tuchukue watoto wa miaka 10 na 11, nusu uwanja, saa moja na robo, mada moja tu: kupokea mpira na kugeuka.

Dakika 12 za mwanzo wagawe watatu watatu, kila kundi mpira mmoja. Mmoja huku, mmoja kule, hatua kama 12 kati yao, wa tatu katikati. Wa katikati anapokea kutoka upande mmoja, anageuka, anapeleka upande wa pili. Kila dakika moja na nusu wanabadilishana. Hapo ndipo unapomwona yule mtoto anayepokea akiwa ameupa mgongo upande anaotaka kwenda, mwili umenyooka kama mlingoti, mpira unamgonga na kurudi alikotoka. Mwambie mambo mawili tu: aangalie nyuma ya bega kabla mpira haujafika, na asimame kiubavu ili apokee kwa mguu ulio mbali na mpira unakotoka. Akifanya mara moja, msifu kwa jina lake.

Dakika 15 zinazofuata fanya makundi manne ya watu sita. Wanne wanasimama kwenye pande za mraba wa hatua 12, wawili wako ndani: mmoja ni wa timu ya nje, mwingine anakaba. Wa ndani akipokea, akageuka na kuupeleka upande mwingine, wanapata pointi. Sasa kuna mtu wa kumnyang'anya, kwa hiyo kuangalia nyuma ya bega kuna faida anayoiona mwenyewe. Anayekaba abadilishwe kila baada ya muda mfupi, hata kama hajapata mpira, asije akakata tamaa.

Kisha dakika 30 za mechi tatu za wanne kwa wanne, viwanja vya mita kama 25 kwa 20, magoli ya koni mbili, hakuna kipa. Goli ni goli, lakini goli lililotanguliwa na mtu kupokea na kugeuka linahesabiwa mawili. Hapa nyamaza. Tembea kati ya viwanja, andika majina matatu kwenye daftari: nani amegeuka bila kukumbushwa, nani bado anaogopa, nani hajagusa mpira. Dakika zilizobaki ni maji, na maneno machache mkiwa mmekaa chini, watoto waseme wao wamejifunza nini.

Angalia foleni. Katika mpango huu hakuna mtoto anayesubiri nyuma ya wenzake tisa ili apige shuti moja. Foleni ndefu ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama nikifika kwenye mazoezi ya kocha mpya. Mipira ikiwa mitatu tu, punguza makundi na uongeze michezo ya wengi, lakini usirudi kwenye foleni.

Watoto wacheze mechi kamili ya 11 kwa 11 lini?

Wasiharakishwe. Walio chini ya miaka 10 wanafurahia na kujifunza zaidi kwenye wanne kwa wanne au watano kwa watano, kisha saba kwa saba, kisha tisa, na 11 kwa 11 wakikaribia miaka 13. Mpira uwe saizi 3 au 4 kwa wadogo. Saizi 5 ni ya kuanzia umri wa sekondari. Goli kubwa kwa kipa wa miaka tisa ni adhabu.

Na acha kumpa mtoto nafasi moja ya kudumu uwanjani. Beki wa leo mwenye miaka 10 anaweza kuwa winga mzuri akiwa na 16, ila hatajua kamwe kama hukumruhusu avuke nusu ya uwanja.

Wachezaji wangu wanaumia mara kwa mara. Nifanye nini?

Anza na kupasha mwili. FIFA ina programu inayoitwa FIFA 11+, ya dakika kama 20, yenye kukimbia taratibu, mazoezi ya nguvu na mizani ya mwili, kisha kukimbia kwa kasi. Haihitaji kifaa chochote zaidi ya koni na ifanywe angalau mara mbili kwa wiki. Ilipofanyiwa utafiti kwa vijana na watu wazima, timu zilizoifuata kwa uaminifu zilipata majeruhi wachache kwa kiasi kikubwa. Ufafanuzi wake unapatikana bure mtandaoni, pamoja na mazoezi mengine mengi kwenye kituo cha mafunzo cha FIFA.

Pili, jifunze huduma ya kwanza kwa vitendo, na hasa kukandamiza kifua. Mwaka 2003 Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani mjini Lyon na akafariki. Mwaka 2021 Christian Eriksen alianguka Copenhagen, moyo ukasimama, na akaishi kwa sababu waliokuwa karibu walianza kumkandamiza kifua mara moja na mashine ya kuushtua moyo ikaletwa. Kwenye uwanja wa mtaa hakuna mashine. Uko wewe na mikono yako mpaka gari lipatikane. Mtoto akianguka bila kugongwa na mtu na haitiki wala hapumui kawaida, hiyo ni dharura ya moyo mpaka daktari aseme vinginevyo. Maji usoni hayatamsaidia. Uwe na namba za zahanati iliyo karibu na za bodaboda au bajaji unayoiamini, zimeandikwa kwenye jalada la daftari.

Nitalindaje watoto, na nitajilindaje mimi mwenyewe?

Hili ningelifanya sharti kabla ya leseni. Mzazi anayekuachia mtoto saa 10 jioni amekupa dhamana kubwa kuliko kikombe chochote. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Kenya ina ya 2022, na FIFA ina programu yake ya ulinzi wa watoto tangu 2019. Lakini sheria inafanya kazi pale tu kocha anapokuwa na utaratibu wa kila siku.

Usikae na mtoto mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa. Usimchukue mtoto kwa pikipiki peke yenu bila mzazi kujua. Ujumbe wa simu uende kwenye kundi la wazazi, siyo kwa mtoto usiku. Safari ya mashindano iwe na mtu mzima wa pili, na kama kuna wasichana, mwanamke awepo. Kuwe na mtu mwingine ambaye watoto wanamjua na wanaweza kumwambia jambo linalokuhusu wewe. Fimbo na matusi viache nyumbani kwa waliokufundisha hivyo. Mtoto anayeogopa hapokei mpira, anautupa.

Ukisikia mtoto amefanyiwa ubaya, usifanye upelelezi wako na usiitishe kikao cha kusuluhisha. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, peleka kwa ofisi ya ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Wapo watakaokuomba "mambo yaishe kifamilia". Usikubali.

Nitalipwa kiasi gani?

Mwanzoni, nauli, na wakati mwingine hata hiyo hakuna. Nasema hivi ili mtu asiache kazi yake ya duka au ualimu mapema mno. Timu za wilaya na mkoa huishi kwa michango. Pesa ya uhakika zaidi kwa kocha kijana mara nyingi hutoka kwenye shule binafsi zinazotaka kocha wa baada ya masomo, akademi ambazo wazazi hulipa ada ya mwezi, na timu za taasisi kama majeshi, benki na mamlaka za serikali. Mishahara inayosikika redioni ni ya Ligi Kuu, na huko viti ni vichache: timu 16 Tanzania Bara, kila moja na benchi dogo.

Benchi hilo lina nafasi nyingine ambazo wengi hawazifikirii. Kocha wa makipa, kocha wa viungo, mchambuzi wa video. Klabu nyingi zina uhaba wa watu hawa. Kijana anayejua kompyuta, anayeweza kukata video ya mechi na kuonyesha timu pinzani inavyojenga mashambulizi, anaweza kuingia klabu kubwa kwa mlango huo kabla ya wenzake wa leseni B.

Nimepata timu. Mwenyekiti anasema mkataba wa nini, sisi ni ndugu.

Ndugu wazuri huandikiana. Mkataba uwe kwenye karatasi, hata kama ni ukurasa mmoja: majina ya pande mbili, kazi yako ni ipi, unaanza lini na kumaliza lini, malipo ni kiasi gani na tarehe ngapi, nani anatoa usafiri na vifaa, mkiachana mnaachanaje, sahihi. Nakala moja kaa nayo wewe, siyo katibu.

Tangu 1 Januari 2021 kanuni za FIFA zina sehemu maalumu ya ajira za makocha, na inafaa uijue hata ukiwa ligi ya chini, kwa sababu inaonyesha haki inafanana na nini. Inataka mkataba wa maandishi. Haikubali klabu iseme mkataba si halali eti kwa sababu kocha hana leseni fulani au kibali cha kazi. Hayo klabu ilipaswa kuyaangalia kabla ya kusaini. Klabu isipolipa mishahara isiyopungua miwili, kocha aliyeidai kwa maandishi na kuipa siku 15 anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki. Kocha anayefanya kazi nje ya nchi yake anaweza kupeleka madai FIFA. Mgogoro wa kocha wa ndani na klabu ya ndani hupitia vyombo vya shirikisho la nchi, na huko nako kitu cha kwanza utakachoombwa ni karatasi. Aliyeahidiwa kwa simu hana cha kuonyesha.

Viongozi wananipangia kikosi. Nikikataa nitafukuzwa.

Huenda. Ongeeni kabla ya msimu, siyo asubuhi ya mechi. Mwambie mwenyekiti: kikosi nitapanga mimi, baada ya mechi nitakueleza sababu zangu, na ukitaka tutakaa kila Jumatatu. Viongozi wengi wanaingilia kwa sababu hawaelezwi chochote. Ukimwonyesha daftari, mahudhurio ya mazoezi ya mchezaji anayempigia debe, dakika alizocheza, makosa yaliyotokea, mazungumzo hubadilika. Akiendelea, pima mwenyewe kama timu hiyo inakujenga. Mzazi anayedai mwanawe aanze mjibu vivyo hivyo, kwa heshima, na kwa rekodi.

Mimi ni mwanamke. Kuna nafasi?

Ipo, na inakua, kwa sababu ligi za wanawake zinahitaji makocha na mashirikisho yanatafuta wanawake wa kuwaleta kwenye kozi. Mildred Cheche aliiongoza Junior Starlets, timu ya taifa ya wasichana ya Kenya, kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2024, timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA la ngazi yoyote. Esther Chabruma alichezea Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, na baadaye akawa kocha wa klabu ya JKT Queens. Desiree Ellis aliipa Afrika Kusini Kombe la Afrika la wanawake mwaka 2022. Ukituma maombi ya kozi, usisubiri mtu akusukume. Na usikubali kubanwa kwenye kazi ya "meneja wa nguo" wakati leseni yako inasema kocha.

Kocha mzawa anaweza kufika juu kweli? Klabu kubwa zinaleta wageni tu.

Joel Bendera anakumbukwa kwa kuipeleka Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, fainali za Afrika za 1980. Septemba 2022 Juma Mgunda aliitwa Simba kutoka Coastal Union, akaivusha mpaka hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2024, katikati ya fainali za Afrika kule Ivory Coast, kocha mkuu Adel Amrouche alipofungiwa, Hemed Suleiman "Morocco" alikabidhiwa Taifa Stars; akaifuzisha fainali zilizofuata, na Agosti 2025 akaifikisha robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Bakari Shime aliifikisha Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana ya Tanzania, robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022. Tazama Mgunda na Hemed: wote waliitwa ghafla, na wote walikuwa tayari wako kazini.

Wageni wazuri nao watumie kama darasa. Florent Ibenge wa Congo, aliyeshinda CHAN 2016 na Kombe la Shirikisho la CAF na RS Berkane mwaka 2022, alikuja Azam mwaka 2025. Ukiwa Dar es Salaam na kocha wa namna hiyo yuko jirani, andika barua uombe kutazama mazoezi. Wengine watakataa, wengine watakubali. Ukiruhusiwa, kaa pembeni, simu mfukoni, andika.

Leseni ya CAF itanisaidia nikihamia Oman au Ulaya?

Itasaidia kama ushahidi, lakini kila shirikisho la bara lina mfumo wake na litaamua lenyewe ulingane na ngazi ipi. Ulaya huenda ukaambiwa uanze na leseni C au B ya UEFA, shirikisho la huko. Beba vyeti halisi, barua za klabu ulizofanyia kazi na mipango yako ya mazoezi iliyotafsiriwa. Angalia pia tarehe ya mwisho ya leseni yako, iliyokwisha muda haihesabiwi.

Nimemaliza msimu wa kwanza. Tumefungwa karibu kila mechi. Niache?

Fungua daftari kabla ya kuamua. Mwezi wa kwanza walikuja watoto wangapi, na mwezi wa mwisho wangapi? Wale watatu uliowaandika kwamba wanaogopa mpira, bado wanaogopa? Magoli mliyofungwa, mangapi yalitoka kwenye kona, mangapi kwenye pasi za nyuma zilizokatwa? Kama watoto wameongezeka na kosa moja limepungua, una timu ya kuendelea nayo. Kama wamepungua, watembelee nyumbani wale walioacha, kaa na wazazi wao, uliza kwa nini, na uandike jibu bila kulibishia. Halafu piga simu kwa katibu wa wilaya uulize kozi ya D inayofuata ni lini.